Kiyoyozi cha Bi Sikudhani

Usiipite hii. Isome mpaka chini, kisha mtumie yule mwanakundi mwenzenu ambaye kila jambo kwake ni "sheria ni sheria".

Muheza aliishi mzee mmoja, fundi mstaafu wa mitambo ya mkonge, akiitwa Singano. Mgiriki mwenye shamba alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia Mzee Singano gari lake. Lilikuwa la Kimarekani, la mwaka sitini na tisa, jekundu, lenye milango miwili na boneti ndefu kama meza ya kupangia sahani za pilau. Injini yake ilikuwa ya silinda nane. Ikiwashwa, kuku wa jirani walisahau walichokuwa wakikipekua.

Gari lilikunywa mafuta kama wageni wa harusi wanavyokunywa soda za bure. Lakini lilijilisha lenyewe. Kila Jumamosi lilibeba maharusi, na kipato cha Jumamosi ndicho kilichotia mafuta ya Jumanne na Ijumaa.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa siku za Bi Sikudhani, mke wa mzee. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe Tanga mjini kusafishwa damu.

Mgonjwa wa namna hiyo hanywi maji apendavyo. Bi Sikudhani alipimiwa kwa kikombe, asubuhi kimoja, jioni kimoja, basi. Sasa mchukue mtu asiyeruhusiwa kunywa maji, mweke ndani ya gari la chuma, injini ikimpumulia moto miguuni, saa saba mchana, mwezi wa pili, kutoka Muheza hadi Tanga. Halafu mwambie avumilie.

Alivumilia. Aliilowesha leso yake, akajitanda kichwani, na njia nzima alikuwa ameiuma pembe ya leso ile.

Siku moja rejeta ilichemka, wakasimama Barabara ya Kumi na Nne, kwenye gereji ya mama mmoja aliyeitwa Fundi Mwanakombo. Huyu alianzia kwenye majokofu ya samaki, akahamia kwenye viyoyozi vya magari, na mji mzima ulimjua kwa mikono safi na ulimi usiopakwa mafuta. Alipokuwa akimwaga maji kwenye rejeta, akamwona bibi ndani.

"Shikamoo, Mama. Mbona unakula leso?"

"Marahaba, mwanangu. Siili. Nainywa."

Mwanakombo akaweka ndoo chini.

Gari lile halikuzaliwa na kiyoyozi, na hakuna duka Tanga nzima lililokuwa na kiyoyozi chake. Mwanakombo alikiunga mwenyewe. Kompresa ilitoka kwenye pikapu iliyokufa, kisanduku cha baridi kilitoka kwenye basi dogo lililopinduka, na mipira ya gesi aliikata na kuibana kwa mkono wake. Kishikio cha kompresa ndicho kilichomtesa. Injini ile haikuwa na pa kukifungia. Alikata bamba la chesisi ya lori, akalipinda, akalitoboa, akalipima, akalitupa. Akakata jingine. La nne ndilo lililokaa, na mkanda ukanyooka kama uzi wa mwashi.

Ijumaa ya kwanza, Bi Sikudhani alifika hospitali amefumba macho. Wauguzi wakakimbilia machela, wakidhani amezimia. Kumbe amelala usingizi.

"Muacheni kwanza," Mzee Singano aliwaambia, akijifuta uso kwa kiganja. "Miezi sita sijamwona akisinzia."

Sasa mjini kulikuwa na chama, Chama cha Wenye Magari ya Asili. Kumbi zote za harusi zilichukua magari kutoka kwenye orodha yake. Jina lako likiwa nje ya orodha, gari lako ni pambo la kuanikia nguo.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Injinia Sempombe. Uinjinia wenyewe hakuna daraja wala bomba lililowahi kuushuhudia, lakini ukimwita "bwana" tu hakuitika. Alikuwa na gari la Kiingereza la rangi ya maziwa, ambalo boneti yake hakuwahi kuifungua kwa mkono wake, na kauli mbiu aliyoichapisha kwenye fulana za wanachama: Asili Haichezewi.

Mwanachama mmoja akaona maji yanadondoka chini ya gari la Mzee Singano. Wiki ile ile mzee akaitwa kikaoni, na fundi wake akaitwa ahojiwe.

"Mzee Singano," alianza Mwenyekiti, "tumesikia gari lako siku hizi linakojoa."

Wanachama wakacheka. Mzee hakucheka.

"Ni maji ya AC, Mwenyekiti. Mke wangu ni mgonjwa."

"Tunampa pole sana. Chama hakina ugomvi na mgonjwa. Chama kina ugomvi na kompresa." Akangoja wacheke tena, wakacheka. "Hebu tuambie. Gari hili lilitoka kiwandani bila AC. Waliolitengeneza walikuwa wajinga?"

"Hawakuwa wajinga. Hawakulitengenezea Muheza."

"Asili haichezewi, mzee wangu. Leo nikikuruhusu wewe AC, kesho mwenzako ataweka jiko la gesi akaange mihogo. Mababu zetu walipanda magari haya bila AC, na wakafika."

Mwanakombo, aliyekuwa amekalishwa nyuma karibu na mlango wa choo, akashindwa kunyamaza.

"Mababu wa nani, Mwenyekiti? Mwaka sitini na tisa babu yako alikuwa na gari?"

"Fundi, hapa unajibu, huulizi."

Hukumu ikasomwa. Kiyoyozi kifunguliwe ndani ya siku saba, kikabidhiwe ofisini kiwe kielelezo, la sivyo jina la Singano lifutwe kwenye orodha. Katibu wa chama, Bi Mwanjaa, mwanamke mnene wa maneno machache, aliandika kila neno huku amekunja uso kama aliyetafuna shubiri. Lakini aliandika.

Mzee Singano alipiga hesabu ambayo hata mtoto angeipiga. Bila harusi hakuna mafuta. Bila mafuta hakuna hospitali. Akainamisha kichwa.

"Nitakifungua," akasema.

Aliyekifungua ni Mwanakombo. Alifungua bolti moja moja kwa mikono ile ile iliyozifunga, huku Bi Sikudhani ameketi kwenye benchi la gereji akimtazama.

"Usiwakasirikie, mwanangu," alimwambia. "Watu wa magari wanapenda magari."

"Wewe wasamehe ukitaka, Mama. Mimi niache na hasira yangu, bado ina kazi."

Kila kitu kikawekwa ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Mwenyekiti akalipokea, akalifungia kabatini mwa ofisi, na ufunguo akautia kwenye mnyororo wa funguo zake mwenyewe unaoning'inia kiunoni. Jumanne iliyofuata Bi Sikudhani alirudi kwenye leso.

Zikapita wiki tatu.

Jumatano moja mchana, gari la rangi ya maziwa likaingia gerejini kwa Mwanakombo taratibu, kama mtu anayeingia kwa mganga hataki jirani amwone. Injinia Sempombe akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Fundi, habari ya kazi? Nina kakazi kadogo. Ka siri."

"Gereji haina siri, Mwenyekiti. Haina hata mlango. Sema."

Akafungua buti. Ndani kulikuwa na boksi jipya jeupe.

"AC. Nimeiagiza Dubai. Imetengenezwa maalumu kwa gari langu."

"Hee! Na asili?"

Mwenyekiti akacheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayemwelewesha mtoto.

"Asili ni ya nje, Fundi. Ni kile anachokiona mtu. Ndani ni mambo ya mtu na familia yake. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Unazijua harusi za kwetu, bibi harusi hafunguliwi kioo mpaka afike kwa mumewe. Siwezi kumpika mtoto wangu mle ndani."

"Kumpika mtoto, hapana," alisema Mwanakombo polepole.

"Umeona? Wewe ni mama, unaelewa. Ijumaa saa sita nakuja kulichukua. Na hayo maji, uyapitishe pasipoonekana."

Mwanakombo akalifungua boksi jeupe.

Fundi hujua mchomeleo wake kama mwalimu ajuavyo mwandiko wake ubaoni. Juu kabisa, bado kina grisi ya injini ya Mzee Singano, kilikuwa kimelala kishikio chake, kile cha nne. Chini yake mipira aliyoibana kwa mkono, na kompresa ya pikapu iliyokufa.

Aliinama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, maana uso wake haukuwa uso wa kumwonyesha mteja. Kisha akaamua kumpa Mwenyekiti nafasi. Hata mwizi hupewa nafasi ya kusema "samahani, nilidhani ni langu".

"Mwenyekiti, hii umesema imetoka wapi?"

"Dubai."

"Dubai siku hizi wanachomelea kwa mkono?"

"Wenzetu wameendelea."

"Na umeipima na injini yako?"

"Nipime nini, Fundi? AC ni AC. Kama redio tu, unachomeka."

Pale Mwanakombo nusura acheke. Injini ya gari la maziwa ilikuwa ya silinda sita, zimejipanga mstari mmoja, na mkanda wake uko upande mwingine kabisa. Kishikio kile kilikatwa kwa ajili ya injini moja tu duniani. Mtu huyu aliyewahukumu wenzake kwa jina la magari hakuwa anajua gari lake lina nini tumboni.

"Sawa," akasema. "Liache. Kiyoyozi hiki nitakifunga."

Hakusema wapi.

Alijua anachokihatarisha. Akisimama mtu mwenye cheo akasema "fundi ameniibia", nani atamsikiliza mwanamke wa gereji isiyo na mlango? Jina lake ndilo lililokuwa duka lake. Likichafuka, atarudi kwenye majokofu ya samaki, na hata wenye samaki watafunga mabucha yao wakimwona. Aliwaza hivyo kutwa nzima ya Alhamisi, spana mkononi, bila kufunga wala kufungua kitu. Jioni akampigia Mzee Singano simu.

"Mzee wangu, kesho kabla ya hospitali pitieni kwangu mapema. Mapema sana."

Ijumaa asubuhi wakaja. Mzee alipoona kilichomo ndani ya boksi alirudi nyuma hatua mbili.

"Binti yangu, watanifuta. Nilikubali mbele ya watu."

"Ulikubali kikae kabatini kiwe kielelezo. Hukukubali kiende kupoza maharusi wa Mwenyekiti. Mimi nakifunga. Akija, nitasema mimi. Ukiona nimeshindwa, nakifungua hapo hapo, na lawama nabeba mimi."

Mzee akamtazama mkewe. Bi Sikudhani alikuwa anakamua leso.

"Funga," akasema mzee.

Saa sita kasoro Mwenyekiti akashuka kwenye bajaji, amevaa fulana ya chama. Kitu cha kwanza alichokiona ni gari jekundu katikati ya gereji, linanguruma, vioo vimepandishwa, Bi Sikudhani yumo ndani amefumba macho, na chini ya gari, tone baada ya tone, maji.

Kuna watu ambao hasira yao hufika kabla ya akili. Hakuuliza. Hakulitazama hata gari lake mwenyewe pembeni. Alitoa simu.

"Kamati! Njooni Barabara ya Kumi na Nne sasa hivi! Singano ametia AC tena! Ndiyo, kwa huyu huyu mwanamke! Njooni mshuhudie wenyewe, leo ndio mwisho wake!"

Ofisi ya chama ilikuwa mitaa miwili tu. Baada ya muda mfupi wakafika wajumbe watatu wanahema, na Bi Mwanjaa nyuma yao na daftari la orodha kwapani.

"Ameasi!" Mwenyekiti aliwapokea. "Chama kilimhurumia, akakitemea mate. Katibu, futa jina."

Bi Mwanjaa akafungua daftari. Mwanakombo akafuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kabla hujafuta, dada, naomba kuuliza. Hiki ni kiyoyozi gani?"

"Kipya!" akadakia Mwenyekiti. "Kile cha kwanza tulikikamata."

"Kiko wapi?"

"Kabatini, ofisini. Kielelezo."

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi. Kwani vipi?"

"Basi kiletwe. Tuviweke viwili pamoja, kamati ione jinsi Mzee Singano alivyo mkaidi. Mgonjwa wa figo nyumbani, na bado anamudu kununua kiyoyozi kila mwezi."

Mjumbe mmoja akaitikia kwa kichwa. "Hilo neno. Mwenyekiti, lete ufunguo, nikimbie mara moja."

"Hakuna haja."

"Si mitaa miwili tu?"

"Nimesema hakuna haja! Ufunguo nimeusahau nyumbani."

Bi Mwanjaa akanyoosha kalamu. "Uko kiunoni, Mwenyekiti."

Wote wakatazama kiunoni. Mwenyekiti akaushika mnyororo wa funguo kama mtu aliyetambaliwa na mdudu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu afike, akalitazama gari lake la rangi ya maziwa. Boneti imefungwa. Vumbi la Jumatano bado liko juu yake.

Damu ikampanda.

"Wewe mwanamke!" alifoka. "Mwizi mkubwa wewe! Nilikukabidhi kwa mkono wangu, nikakwambia ukifunge kwenye gari langu, wewe umeki—"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Lakini neno likishatoka halina breki.

Injini ya silinda nane tu ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

"Kwenye gari lako," alisema Bi Mwanjaa, kama anayehakiki tahajia. "Kile cha kabatini."

"Nili... nilikuwa nakihifadhi."

"Ndani ya boneti?"

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwingine akawa anatazama viatu vyake kana kwamba amevinunua leo. Watatu hawa ndio waliocheka siku ile ya "gari linakojoa", na sasa hakuna aliyejua aweke wapi uso. Mkubwa wao akaona afadhali ayafunike mambo haraka.

"Jamani, tuyamalize kiutu uzima. Mzee Singano, yaliyopita si ndwele. Kamati inakuruhusu kuendelea na AC yako."

Hapo ndipo mzee, aliyeinamisha kichwa kikaoni, alipokiinua.

"Mnaniruhusu?" Sauti yake haikuwa kubwa. "Nilikuja kwenu na mgonjwa, mkanipa siku saba. Huyu ameiba kabatini kwa ufunguo wake mwenyewe, mmempa kimya. Wiki tatu mke wangu amefyonza leso barabara nzima, kiyoyozi chake kimelala ofisini kwenu kikingoja harusi ya mtu. Ruhusa yenu mkaifungie kabatini. Mnajua mwenye ufunguo."

Kioo cha gari jekundu kikashuka upana wa vidole viwili.

"Baba," aliita Bi Sikudhani, "saa ya damu imefika. Maneno yao hayaishi. Ingia, na mlango uufunge vizuri, baridi inatoka."

Mzee akaingia. Akaufunga vizuri. Gari likarudi kinyumenyume, likageuka, likashika njia ya hospitali.

Bi Mwanjaa akalifunga daftari bila kufuta kitu. "Jina la Singano linabaki," aliwaambia wajumbe. "Kesho ana harusi ya Chumbageni, na nitakayemsikia akimsumbua aandike orodha yake mwenyewe." Kisha akanyoosha kiganja mbele ya Mwenyekiti, akakiacha pale pale hewani, mpaka ufunguo wa kabati ulipochomolewa kwenye mnyororo na kuwekwa juu yake.

Wajumbe wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Akabaki Injinia Sempombe, fulana ya chama imemganda mgongoni kwa jasho.

Mwanakombo akaenda kwenye gari la maziwa, akamfungulia mlango kwa adabu zote. Joto la ndani likampiga Mwenyekiti usoni kama mfuniko wa sufuria umefunuliwa.

"Karibu, Mwenyekiti. Sijaligusa hata bolti moja. Ni asili tupu."

Funzo: Sheria ambayo mtungaji wake huikwepa kwa mlango wa nyuma haikutungwa kulinda jambo lolote jema, ilitungwa kumweka mnyonge mahali pake, basi kabla hujamtii anayekuvua nafuu yako, muulize kwanza ameipeleka wapi.